Mtoko wa Dola Nne na Nusu

Mpenzi msomaji, hivi mara ya mwisho wewe na mwenzio kula chakula cha mchana pamoja, siku ya kazi, bila harusi, bila kipaimara cha mtoto wa jirani, bila mgeni wa kumpokea, ilikuwa lini? Mimi nilipojiuliza swali hilo nilikosa jibu. Jioni tunaonana, sikatai. Ila jioni kila mtu ameshachoka, foleni imemmaliza, mtoto anataka kusaidiwa kazi za shule na taarifa ya habari inaendelea. Mchana kila mmoja anakula kivyake: Baba Neema kwa mama lishe wa jirani na ofisi yao, mimi kantini, kijiko mkono mmoja, simu mkono wa pili.

Kwa hiyo mwezi huu nakuletea stori ya mlo mmoja wa mchana. Ulikuwa wa bei chee kabisa, tuliulia mbali na nyumbani, na nusura uniharibie ndoa. Au niseme uliiokoa? Soma kwanza, halafu utaamua mwenyewe.

LAKI TANO KWA USIKU MMOJA

Agosti 2024 Baba Neema alipelekwa na ofisi yao kwenye kozi ya wiki mbili Singapore. Mimi sikuwa kwenye mpango. Lakini tulikuwa tunatimiza miaka saba ya ndoa, na ukweli ni kwamba mwaka huo wa saba ulikuwa mkavu. Hatukuwa na ugomvi wowote. Tulikuwa tumegeuka kama wapangaji wawili wa nyumba moja, tunakumbushana ada, luku na gesi. Nikajiambia, hii ndiyo nafasi yenyewe. Neema nikamwacha kwa bibi yake Tabata, nikapanda ndege, nikamkuta mume wangu kule zikiwa zimebaki siku tano kozi iishe.

Usiku wa kwanza nikataka mtoko wa maana. Nilikuwa nimejipanga: gauni jipya, viatu vya kuulia, nywele nimeshazitengeneza toka Kinondoni. Tukaenda mgahawa mmoja wa ghorofani, ule wa mishumaa na taa za bandarini kwa chini, ambako mhudumu anakukunjulia kitambaa mapajani kama mtoto. Chakula kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Kilikuwa kidogo pia, katikati ya sahani kubwa, kama kimepotea njia.

Halafu ikaja bili. Chakula dola 200 za Singapore. Juu yake asilimia 10 ya huduma, na juu ya hapo kodi ya asilimia 9 iliyoanza Januari mwaka huohuo. Jumla dola 239 na senti 80. Baba Neema akatoa simu, akabonyeza kikokotoo pale pale mezani mbele ya mhudumu. Nikaona aibu.

"Mama Neema, hii ni karibu laki tano."

"Kwani tunakuja Singapore kila siku?"

"Laki tano ni bati ngapi?"

Basi, hapo nikamaindi. Mtu unatafuta mahaba, mwenzio anahesabu bati! Kwenye teksi kila mmoja aliangalia dirisha lake. Hotelini tulilala kama wale wapangaji niliokuambia.

Sasa nikwambie kitu ambacho Baba Neema hakukijua usiku ule. Nauli yangu na fedha ya matumizi havikutoka pale nilipomwambia vimetoka. Nilimwambia nimepokea mchezo wetu wa kina mama wa ofisini. Si kweli, zamu yangu ya mchezo ilikuwa Desemba. Nilikopa SACCOS milioni tatu mwezi Juni, marejesho mwaka mzima, na mwezi wa Julai walishaanza kukata mshahara. Nilipanga kumwambia "baadaye". Unaijua hiyo baadaye, shosti. Haifikagi.

"NJOO UONE NINAPOKULA"

Kesho yake asubuhi aliondoka kwenda darasani bila maneno mengi. Saa tano na nusu simu ikaita. "Panda treni, shuka Telok Ayer. Njoo uone ninapokula mimi."

Nikaenda nikiwa bado na kinyongo kiaina. Akanipokea getini kwa kituo, tukatembea dakika chache hadi kwenye jengo la ghorofa mbili lililo wazi pembeni, lenye kelele, joto na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Linaitwa Amoy Street Food Centre. Ndani yake vibanda vimepangana kama maduka ya Kariakoo, kila kimoja na chakula chake kimoja au viwili. Huyu wali na kuku, yule mchuzi wa samaki, yule kahawa ya kopo na maziwa mazito. Meza ni za kushirikiana, zimekazwa sakafuni. Na watu sasa! Wanasheria, watu wa benki, mafundi wenye fulana zao za kung'aa, wazee wenye ndala, wote kwenye foleni moja.

Foleni ya Baba Neema ilikuwa ndefu kuliko zote. Alichukua pakiti ya tishu mfukoni, akaiweka juu ya meza tupu, akaiacha. "Ndiyo kushika nafasi kwa huku," akanieleza kwa kujidai kama mwenyeji. "Hakuna anayeikalia." Nikacheka. Weka pakiti ya tishu pale Kariakoo uone kama utakuta hata meza.

Mbele yetu alisimama dada mmoja mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Aliniona nashangaa ubao wa bei akanisaidia. Kibanda kile kinauza kitu kimoja tu, unga wa ngano uliokandwa na kuchemshwa kwenye supu, ila unachagua umbo. Ukisema ban mian, unapata tambi bapa zilizopitishwa kwenye mashine. Ukisema you mian, zinakuja nyembamba. Ukisema mee hoon kueh, hapo mashine inawekwa pembeni na mkono unaanza kazi. Mee hoon kwa Kihokkien, lugha ya Wachina wengi wa kule, ni unga wa ngano, na kueh ni kitafunwa, kitu kama andazi au keki. Basi ni "andazi la unga wa ngano", lakini ndani ya supu.

"Chukua ya mkono," yule dada akasema. "Ya mashine utaipata popote."

WAWILI NDANI YA KIBANDA

Kibandani walikuwa wawili, mzee mwanaume na mzee mwanamke. Kule huwaiti kwa majina. Mwanaume mtu mzima unamwita Uncle, mwanamke unamwita Auntie, hata kama humjui, kama sisi tunavyosema mjomba na shangazi. Sikuuliza wana miaka mingapi, ila kwa macho walishapita 60, na dada yule aliniambia wauzaji wengi wa kizazi chao ndiyo umri huo. Watoto wamesoma, wamo maofisini, hawataki kuamka alfajiri kukanda unga.

Mzee alikuwa na donge la unga lililotulia, laini kama shavu la mtoto. Analinyoosha kwa vidole mpaka linaanza kuonyesha mwanga upande wa pili, halafu ananyofoa kipande na kukirusha kwenye sufuria inayochemka. Ananyofoa, anarusha. Ananyofoa, anarusha. Vipande havifanani. Kimoja kirefu, kingine kama sikio, kingine kina kingo nyembamba na katikati kinene kidogo. Baadaye mdomoni ndiyo unaelewa raha yake: kingo zinateleza, katikati unatafuna. Mashine haiwezi kukupa hivyo viwili kwa pamoja.

Mama yeye alikuwa na supu, mboga na fedha. Kila bakuli linapokaribia kuwa tayari, anasukuma lingine tupu bila kugeuka, na mkono wa mzee unalikuta pale pale. Mzee akimaliza donge, jingine linamfikia kabla hajainua macho. Katika dakika ishirini za foleni niliwasikia wakisemeshana labda mara tatu, maneno mawili matatu. Mara moja mama alisogeza kikombe cha chai karibu na kiwiko cha mzee. Mzee akanywa. Basi.

Ningependa kukuambia, mpenzi msomaji, kwamba niliona mapenzi makubwa yamejificha humo. Sijui. Sikuwauliza, na huenda kabla ya kufungua kibanda walikuwa wamenuniana kama sisi. Nilichokiona ni watu wawili ambao kila mmoja anajua mkono wa mwenzake uko wapi. Na mimi hata mshahara wangu, mume wangu hakujua umebaki kiasi gani.

BAKULI LENYEWE

Bei: dola nne na nusu. Kwa fedha yetu ya wakati ule ni kama shilingi elfu tisa na kidogo. Najua unachofikiria, kwa mama lishe wa Posta elfu tisa unakula siku mbili. Ni kweli. Lakini Singapore ni kati ya miji yenye maisha ghali duniani, na kwa bei hiyo kwenye mgahawa wetu wa jana yake usingepata hata chupa ya maji.

Supu yake ni ya dagaa wakavu, wanaowaita ikan bilis, waliochemshwa taratibu mpaka wakaacha utamu wao wote. Ndani yake vipande vya unga, nyama ya kusaga, uyoga mkavu uliokatwa vipande vyembamba, mboga ya majani, na yai moja lililopasuliwa ndani ya supu ya moto ili kiini kibaki kilaini. Juu wanamwaga dagaa waliokaangwa wakakauka kama bisi, na vitunguu vidogo vya kahawia. Pembeni kuna kibakuli cha pilipili, na hiyo usiichezee. Ukitaka unasema "kavu", unga unachanganywa na sosi nyeusi ya soya na pilipili, supu inakuja pembeni.

Nyama ya kusaga mara nyingi ni nguruwe. Naam, kitimoto! Sasa ndiyo nikaelewa kwa nini mume wangu alipapenda. Kwa msomaji wangu Muislamu, usikate tamaa. Huko vibanda vya halali vinabandika cheti cha MUIS, baraza la Kiislamu la nchi hiyo, na mee hoon kueh ya kuku ipo pia. Ila uliza kwanza hata kama umeambiwa ni ya mboga, maana sufuria ya supu ni moja.

Na mboga ile, nilipoitazama vizuri, nikaguna. Mchicha! Si ndugu wa mchicha, ni mchicha wenyewe. Nimesafiri nchi na bahari kuja kula mchicha na dagaa. Nikamwambia Baba Neema, akacheka mpaka akapaliwa na pilipili. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo kwa miezi.

Na pengine kicheko kile ndicho kilimfungua. Akaegemea meza akaanza kunieleza. Alikuwa anakula pale kila siku ya kozi. Wenzake wengine wanakwenda migahawa ya maduka makubwa, yeye anakuja kwa wazee hawa. Posho yake ameibana, na mpaka siku ile alikuwa amebakiza kama milioni moja na laki nane. "Tukirudi, Mama Neema, tunamalizia bati. Nilitaka nikushangaze ukifika nyumbani, lakini jana umenikasirikia, nikaona nikuambie."

Ndiyo maana alikuwa anahesabu bati.

Nilitazama bakuli. Nilikuwa na njia mbili: kunyamaza na kumsifia, au kusema. Yule mzee pale kibandani anaendelea tu, ananyofoa, anarusha. Nikasema.

"Baba Neema, ule haukuwa mchezo. Nilikopa."

Akaweka vijiti chini. "Kiasi gani?"

"Tatu."

"Lini?"

"Juni."

"Yaani toka Juni mpaka leo, Mama Neema?"

Hakupandisha sauti. Meza ilikuwa na watu wengine wawili wanakula zao, hawajui Kiswahili, lakini nadhani walielewa kila kitu. Alimalizia maji yake, akachukua trei yake na yangu, akaipeleka kwenye rafu ya vyombo. (Toka Septemba 2021 ni sheria kule, mteja anarudisha vyombo mwenyewe, ukirudia kosa unaweza kupigwa faini ya dola 300.) Akarudi darasani. Mimi nikabaki na ile pakiti ya tishu, na nilizihitaji.

NAFASI YA PILI

Jioni yake hakuna aliyesema kitu. Sikumlazimisha. Wanawake wenzangu, tuna tabia ya kukiri kosa halafu papo hapo tunataka kusamehewa, tena kwa kukumbatiwa. Mwenzio anahitaji muda wa kukaa na habari yake.

Kesho yake nilizunguka mwenyewe, na kwa kuwa kichwa hakikutulia, nikajikuta kila ninapopita naangalia vibanda vya chakula. Nikasoma habari zao kwenye vibao na kwenye simu. Nikagundua wale wachuuzi hawakuzaliwa ndani ya majengo. Walikuwa barabarani kabisa na matoroli na mabega, maji machafu wakimwaga mtaroni, wakikimbizana na askari kama tunavyojua sisi. Mwaka 1968 na 1969 serikali ikawaandikisha, wakafika kama 18,000. Kuanzia 1971 mpaka 1986 ikawajengea masoko ya chakula yenye maji, umeme na mifereji, mengi yakiwa karibu na makazi ya watu, ikawahamishia humo. Siku hizi masoko hayo yamezidi 110. Mwaka 2016 vibanda viwili vilipewa nyota ya Michelin, heshima ambayo watu walidhani ni ya migahawa ya mishumaa peke yake. Na Desemba 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni wa kula kwa wachuuzi wa Singapore kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu.

Nilikumbuka mwaka 2021 wamachinga wetu walipohamishwa barabarani Dar na mama lishe wengi wakapoteza wateja wao kwa siku moja. Kuhamisha ni rahisi. Kazi ipo kwenye kumpeleka muuzaji mahali ambapo mteja bado anaweza kumfikia kwa miguu saa saba mchana. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Saa sita simu ikaita. "Umekula?"

"Bado."

"Njoo."

Foleni ile ile, wazee wale wale. Mama alimtambua Baba Neema, akamwonyesha vidole viwili, yaani mbili leo? Akaitikia kwa kichwa. Tulikula nusu bakuli kimya. Halafu akatoa kalamu, akachukua karatasi moja ya tishu (haiandikiki vizuri, jaribu uone), akaniambia, "Niambie yote. Riba, makato, mwisho lini." Nikamwambia yote. Yeye akaandika, tishu ikachanika, akachukua nyingine.

"Bati zitasubiri," akasema mwishoni. "Tunapunguza deni kwanza." Hakusema kwa furaha. Nilimwona alivyomeza mate, maana bati zile alikuwa ameshaziona akilini, rangi na kila kitu. Halafu akaongeza jambo ambalo sijalisahau: "Fedha inaniuma, ila itapita. Kinachoniuma zaidi ni kwamba jana kabla hujasema, mimi nilikuwa nina furaha peke yangu."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Miaka saba ya ndoa yetu tuliisherehekea siku ya mwisho, pale pale, dola tisa za wote wawili. Gauni jipya sikulivaa. Nilivaa raba.

NYUMBANI

Deni lile tulilimaliza mapema, kabla ya mwaka kwisha. Bati zilipanda Juni 2025 badala ya Septemba 2024, na kwa miezi ile tisa kodi ya nyumba tuliendelea kulipa. Uongo wangu ulikuwa na bei, na naijua kwa tarakimu.

Toka hapo Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunakula mchana pamoja. Mara nyingi kwa mama lishe wake yeye, wali maharage, samaki wa kukaanga, mchicha, na kachumbari, tukikaa kwenye benchi. Ndipo tunapoongelea fedha. Nimegundua ukiongelea fedha kitandani unalala vibaya, ukiongelea kwenye mgahawa wa laki tano unaigiza. Kwenye benchi la mama lishe huna wa kumzuga. Sahani haikutishi, na saa nane kila mtu anarudi kazini, kwa hiyo hata ugomvi una mwisho.

Na Jumapili zingine tunapika mee hoon kueh. Neema ndiye fundi wa kunyofoa, vipande vyake ni kama ramani za Afrika. Nimeulizwa na mashosti wengi namna ya kuipika, kwa hiyo haya hapa, ya watu wanne:

Unga: Chukua gramu 400 za unga wa ngano wa kawaida, chumvi nusu kijiko cha chai, yai moja, kijiko kimoja cha mafuta, na maji robo tatu ya kikombe. Maji uyamwage kidogo kidogo, yasiishe kama unga umeshashikana. Kanda dakika kumi mpaka uwe laini usioshika mikono. Paka mafuta, funika, uache upumzike saa moja. Usiruke hatua hii. Unga usiopumzika ukiuvuta unarudi nyuma, kama mtu uliyemwamsha usingizini.

Supu: Dagaa mchele wakavu wa Zanzibar kikombe kimoja ndio wenyewe, ndugu wa karibu wa ikan bilis. Osha vizuri, toa mchanga. Kaanga kidogo na tangawizi, kitunguu na vitunguu saumu, weka maji lita mbili, chemsha polepole dakika 40, chuja. Dagaa wengine wachache wakaange pembeni mpaka wakauke, ni wa kumwagia juu.

Kumalizia: Nyama ya kusaga ya kuku au ng'ombe, iloweke kwenye sosi ya soya na pilipili manga, itumbukize kwenye supu inayochemka. Sasa vuta unga, nyofoa, rusha. Vipande vikielea, subiri dakika mbili. Weka mchicha, pasua mayai, funika, zima moto. Pilipili mbichi iliyokatwa, iloweke kwenye sosi ya soya na ndimu, iende mezani.

Kosa la kuepuka: usinyofoe wote kwanza ukaurundika kwenye sahani, utashikana uwe donge tena. Moja kwa moja kutoka mkononi kwenda kwenye sufuria. Ndiyo maana kazi hii inataka watu wawili, mmoja ananyofoa, mwingine anakoroga.

KAZI YA MWEZI HUU

Sikupi masharti kumi ya ndoa bora. Nakupa moja tu. Kabla mwezi haujaisha, mpigie mwenzio saa tano na nusu asubuhi, siku ya kazi, umwambie aje mle mahali ambapo bei yake haitamfanya mtu yeyote atoe kikokotoo. Na kama kuna jambo umekuwa ukilisogeza mbele kwa jina la "baadaye", liweke mezani kabla chakula hakijapoa. Huenda akachukua trei akaondoka. Wa kwangu aliondoka. Kesho yake alipiga simu kuuliza kama nimekula.

Tukutane mwezi ujao. Kila la kheri, na usisahau kurudisha vyombo.